Kumuuliza Aliyelala Kama Amelala

Nimewaona. Asubuhi mnapokwenda shule mnapita mbele ya nyumba yangu hapa Msasani ya Tukuyu, na mkikaribia ua wangu mnashusha sauti. Mmoja anawakonyeza wenzake wanyamaze, kisha wote mnavuka mkinyanyua miguu kama watu waliotoka kuiba ndizi. Mkishafika kwa fundi pikipiki ndipo mnaanza kucheka tena. Najua mmeambiwa: "Mama Sekela amefiwa na mumewe, hajalala vizuri tangu msiba, msimpigie kelele." Aliyewaambia ana moyo mzuri. Nataka kumjibu, na kuwajibu ninyi, lakini jibu langu linapita kwanza kwenye kazi niliyoifanya hadi nikastaafu, kwa hiyo nivumilieni. Niliishia darasa la saba. Tena siku hizi siwezi kukaa mahali pamoja. Nimeandika mistari hii michache, nimeinuka kwenda kufagia ua niliokuwa nimeshaufagia, nimerudi. Mkiona habari inaruka kutoka hapa kwenda kule, mjue ni miguu yangu.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wanyama waliolala.

Ilikuwa nyumba ndogo ya utafiti upande wa Mpuguso, ina vyumba vitatu na paa la bati, na kuta zake zilikuwa zinalia maji msimu wa mvua. Chumba cha ndani kilikuwa na vizimba vya waya, na katika kila kizimba mna boksi la mbao lenye tundu. Ndani ya boksi tuliweka majani makavu ya mgomba yaliyochanwa chanwa. Humo waliishi panya wa miti. Mnawajua, hata kama kila kijiji kina jina lake: mdogo, rangi ya jivu, mkia mnene wa manyoya kama brashi ya kupigia viatu, na weusi kuzunguka macho kana kwamba amevaa miwani. Ndiye yule anayeingia kwenye mizinga ya nyuki akala asali na nyuki wenyewe, halafu mwenye mzinga anagombana na jirani.

Baridi ya Juni na Julai ikifika hapa kwetu, mnyama huyu hujikunja kama mpira, huufunika uso kwa mkia, na kulala. Simaanishi usingizi kama wetu. Mwili wake unapoa mpaka unakuwa baridi kama ukuta. Ukimshika utadhani umeokota kiazi shambani. Anaweza kukaa hivyo siku kadhaa mfululizo bila kula, bila kunywa, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa ananenepa kwa nondo na matunda.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Asajile. Alikuwa rika la baba yangu, mrefu, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Siku ya kwanza aliniwekea mmoja kiganjani na kuniuliza, "Mwanangu, huyu amekufa au amelala?"

Nikamtazama. Hapumui. Nikasema, "Huyu amekufa, baba."

"Mpe jeneza basi," akasema, huku anacheka. "Sali Baba Yetu, polepole kama kanisani, na usiondoe macho ubavuni."

Nikasali. Sijamaliza, ubavu ukainuka mara moja, kidogo sana, ukatulia tena.

"Umeona? Sasa nikupe siri. Aliyelala amejikunja, amejishika. Ukivuta mguu wake, unarudi taratibu. Aliyekufa ameachia. Kuachia ndiyo dalili, baridi siyo dalili."

Hiyo siri nimeitumia maisha yangu yote ya kazi, na nje ya kazi. Yeye mwenyewe aliipata kwa aibu. Kabla sijaajiriwa alimkuta mmoja baridi, akamhurumia, akamchimbia kaburi chini ya mparachichi na kumwombea. Asubuhi yake akakuta shimo liko wazi na mwenyewe yuko juu ya tawi anamtazama. "Nilimzika mzima," alikuwa akisema. "Alifufuka yeye, nikakimbia mimi."

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa moto. Watu wengi hukosea hapo. Mtu wa Kisondela alituletea panya wa miti kwenye bodaboda, amemkuta amelala ndani ya mkungu wa ndizi. Njiani akaona amekuwa baridi sana, akasimama kwa dada yake, wakamweka karibu na mafiga ili apate joto. Alipotufikia alikuwa ameachia. Yule bwana alihuzunika kweli, alisimama mlangoni amevua kofia. Mzee Asajile akamwambia, "Hukufanya kwa ubaya. Lakini huyu ana moto wake ndani. Ukimpasha wewe kwa nje, ngozi inataka kuamka na moyo bado haujapata habari." Mkimkuta, basi, mfunikeni kwa majani makavu, mumweke mahali pakavu penye kivuli, mwondoke. Akitaka kuamka atauwasha mwenyewe.

Huo moto wake wa ndani ndio ulimleta Daktari Nyamizi.

Alitoka Tabora, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Baridi ya Tukuyu ilimtesa mpaka akawa anavaa sweta mbili na kitenge juu yake. Alikuwa mtu wa kueleza. Ukimuuliza swali anaacha alichokuwa anafanya. Nilimuuliza siku moja mnyama anawezaje kupoa vile asife, akavuta kigoda.

Alisema ndani ya kila chembe hai ya mwili mna vitu vidogo mno vinavyoitwa mitokondria. Chakula kikishavunjwavunjwa hufika huko. Nguvu yake hutumika kusukuma chembe zenye chaji ya umeme kwenda upande mmoja wa utando mwembamba, zikarundikana huko, zikitaka kurudi. Zikirudi kwa njia yao ya kawaida zinazungusha kitu kama gurudumu, na gurudumu hilo linatengeneza ile nguvu ambayo mwili unaitumia kwa kila kazi, kuanzia moyo kupiga hadi ukucha kukua. Nilimwambia nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Jioni nilimsimulia mume wangu kama nilivyosikia, neno kwa neno.

Mume wangu, Ipyana, alikuwa mwendesha mashine ya kusaga inayotumia maji, kule bondeni Kisondela. Ilikuwa mashine ya zamani: bwawa dogo juu, mfereji, gurudumu, jiwe. Alinisikiliza huku anamenya ndizi, kisha akasema, "Hiyo ni mashine yangu."

"Ipi?"

"Bwawa ni hizo chembe zake zilizorundikana. Gurudumu ni gurudumu. Unga ndio hiyo nguvu. Muulize Daktari kama kuna mlango wa pembeni."

Mfahamu kwamba mashine ile ilikuwa na milango miwili. Wa juu unazuia maji yasiingie mferejini. Wa pembeni unayatoa maji bwawani yakashuke mtoni bila kupita kwenye gurudumu. Nikamuuliza Daktari kesho yake. Alinishika mabega yote mawili.

"Mama Sekela! Nani amekwambia habari ya mlango wa pembeni?"

"Baba Sekela."

"Basi mwambie upo. Ndio ninaoutafuta."

Akanieleza sasa kwa maneno ya mashine, nami nikaelewa kweli. Mnyama anapotaka kulala, mwili hausubiri baridi imshinde. Anashusha mlango wa juu kwanza: mitokondria zenyewe zinapunguza chakula zinachopokea, gurudumu linakwenda polepole, na mwili unapoa baadaye. Kwa wanyama wa nchi za theluji wanaolala miezi, alisema, jambo hilo wataalamu wameliona, hasa kwenye ini. Kama huyu wetu naye anafanya vilevile, na kwa kiasi gani, hilo ndilo swali lake. Anapotaka kuamka ndipo mlango wa pembeni unafunguliwa. Katikati ya mabega ana mafuta ya rangi ya kahawia. Humo chembe zinarudi bila kupita kwenye gurudumu. Hakuna unga unaosagwa, na ile nguvu yote inatoka kama joto. Joto hilo linaupasha moyo kwanza, kisha mwili wote, na misuli inasaidia kwa kutetemeka. Nilipomsimulia Ipyana alipinga hapo tu. Alisema maji yake ya pembeni hayajawahi kumpasha mtu. Daktari akakubali kwamba mfano una mwisho wake.

Kuna miaka kisu kilitumika katika kazi ile, na wanyama wengine hawakurudi msituni. Siwezi kuwaficha, mkija kufanya kazi hii mtaambiwa muamue wenyewe. Mwaka ninaowasimulia haukuwa na kisu. Daktari alipima pumzi na joto tu. Wanyama wote walikuwa warudi kwenye miti yao baridi ikiisha.

Lakini mwaka ule walianza kufa.

Walikonda. Badala ya kulala siku nyingi mfululizo walikuwa wanaamka kila siku, na kuamka ndiko kunakomaliza mafuta kuliko kulala kwenyewe. Tulibadilisha majani. Tulihamisha vizimba mbali na dirisha. Tulimshuku paka wa jirani, tukamfungia mlango, akaenda kulala jikoni kwetu na kula samaki wa Daktari. Wanyama waliendelea kukonda. Kisha Daktari akagundua kituko: Jumapili walilala vizuri, Jumatatu asubuhi wote macho.

"Ni wacha Mungu, Daktari," mzee Asajile akasema. "Wanaitunza siku ya mapumziko."

Daktari alicheka, ila macho yake hayakucheka. Ilifika mahali wakabaki wachache, na mnene kati yao alikuwa mmoja tu, jike kubwa ambaye mzee Asajile alimwita Mama Mchungaji kwa sababu ya ile miwani na jinsi alivyokaa kwa heshima. Daktari alituita wote wawili akasema wazi: Mama Mchungaji akikonda naye, tunafunga nyumba msimu huu, tunawaachia waliobaki, na hatujui kama itafunguliwa tena. Mzee Asajile alivua kofia yake akaivaa tena. Alikuwa mjane wa muda mrefu, watoto wako Mbeya na Dar es Salaam. Nyumba ile ndiyo iliyomtoa kitandani.

Nimeinuka tena. Nilikuwa nimebandika ndizi kwenye sufuria kubwa, ile ya watu wengi. Mkono unazoea. Nimezigawa kwa majirani, nimerudi.

Wiki ile Daktari alishikwa na homa, akalala kwenye chumba cha pembeni, ukuta mmoja na chumba cha wanyama. Asubuhi ya Jumatatu nilifika na uji wake. Nikamkuta amekaa kitandani, sikio ukutani, kidole mdomoni kunizuia nisiongee. Upande wa pili tulisikia kucha ikigonga mbao, ko ko, na sauti ya mzee Asajile, nzito, ya upole: "Ugonile?" Hatua mbili. Ko ko. "Ugonile?" Ko ko.

"Anaongea na nani?" Daktari akanong'ona.

"Anawasalimia wanyama."

"Anasemaje?"

Ninyi mnaosema Kinyakyusa nyumbani mmeshaelewa. Mnaosema Kiswahili tu, babu zenu wamewasalimia hivyo mara elfu na hamjawahi kuuliza maana yake.

"Anawauliza kama wamelala," nikasema.

Daktari alinitazama. Kisha akajiziba mdomo kwa shuka na kucheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mama Sekela! Na walikuwa wamelala! Kila asubuhi anamwamsha mtu amuulize kama amelala!" Akacheka tena, halafu akaacha ghafla, akajifuta machozi. "Jumapili anakwenda kanisani," akasema polepole.

Uji ukapoa mikononi mwangu.

Msimcheke sana mzee. Kwetu huingii nyumba ya mtu bila salamu. Ukiingia kimya wewe ni mwizi au una kinyongo. Alikuwa ameona si vizuri kuwafungulia vizimba na kuwamwagia chakula bila neno, kama mbuzi. Kwa hiyo akagonga kwa mmojammoja na kuwasalimia. Mwaka huo tu ndio tulipata vile vizimba vya boksi. Zamani walikaa kwenye kizimba kimoja kirefu, naye alikuwa akiwasalimia wote kutoka mlangoni, kwa salamu moja, hawasikii.

"Mwambie wewe," Daktari akasema. "Mimi ni mtoto kwake, tena mgeni."

"Mimi je? Nimwambie mzee asisalimie?"

"Basi atamuua Mama Mchungaji."

Siku ile nilikwenda na kurudi kwenye mlango wa chumba cha ndani sijui mara ngapi. Nilimkuta anaosha vyombo vya maji. Nikaanza, "Baba, asubuhi unapowa..." Akageuka, akanitazama kwa uso mwema, nikamalizia, "...unapowahi hivi, unakunywa chai kweli?" Akanijibu kuwa anakunywa. Kisha bila mimi kuuliza akaongeza, "Napenda kuja hapa mapema. Nyumbani kwangu nikisema ugonile, ukuta haujibu. Hawa angalau wanatikisa majani."

Baada ya kusikia hivyo, mngeweza ninyi kumwambia? Mimi nilishindwa. Nilimpelekea Ipyana mzigo huo.

Ipyana hakuwa na maneno mengi. Jumamosi alimwalika mzee Asajile bondeni kwake, eti akamsaidie kutazama mfereji. Nikaenda nao. Ulikuwa msimu wa maji machache, bwawa limeshuka. Ipyana alimsimamisha mzee karibu na mlango wa juu.

"Baba, fungua."

Mzee akafungua. Maji yakaingia mferejini, gurudumu likalia, likasita, likaanza kujivuta. Jiwe likaguna. Unga haujatoka bado. "Funga," Ipyana akasema. Mzee akafunga, jiwe likasimama. "Fungua." Akafungua. "Funga." Ilikwenda hivyo mpaka mzee akachoka.

"Kijana, tunasaga au tunacheza?"

"Tazama bwawa, baba."

Bwawa lilikuwa limeshuka, tope linaonekana pembeni. Katika sinia la unga hamkuwa na kitu.

"Kuliamsha jiwe kunakula maji kuliko kusaga," Ipyana akasema. "Mimi nikilifungulia kila asubuhi ili nilisabahi tu, halafu nifunge, siku mama atakapokuja na gunia sitakuwa na maji ya kumsagia. Msimu huu naliacha jiwe lilale mpaka kuwe na sababu."

Mzee Asajile aliangalia lile tope. Alikuwa mtu mwepesi wa akili, hakuhitaji zaidi. Alivua kofia yake, na safari hii hakuivaa.

"Kwa hiyo waliokufa," akasema, "niliwasalimia mimi."

Ningeweza kusema hapana, mzee, ni baridi, ni paka. Ipyana naye angeweza. Tulimheshimu kwa kutomdanganya. Ipyana alimshika mkono, wakapanda mlima pamoja mpaka barabarani.

Jumatatu mzee alikuja bila viatu. Aliviacha nje kwenye nyasi zenye umande, akaingia kwa soksi. Alipofika mbele ya kizimba cha kwanza mkono wake ulinyanyuka wenyewe, kidole kimekunjwa tayari kugonga, ukabaki hewani. Nilimwona akiushusha kwa mkono wa pili. Akaenda cha pili, vilevile. Siku nyingi ilikuwa hivyo. Alikonda yeye sasa, akawa hana utani. Alimaliza kazi mapema, akawa anazunguka nje ya nyumba, anang'oa majani yasiyohitaji kung'olewa, anarudi dirishani, anachungulia, anaondoka. Nilimwonea huruma, na kidogo alinikera. Nilimwambia, "Baba, kaa basi." Akanijibu, "Nikae wapi?"

Wakati ule sikuelewa jibu hilo.

Mama Mchungaji alilala. Alilala hasa, mfululizo, kama Daktari alivyotaka tangu mwanzo. Pumzi zake zilikuwa chache hivi kwamba mashine ya kupimia ilionekana kama imeharibika. Daktari alikuwa anafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Mlango wa juu ulikuwa umeshushwa sawasawa. Ila swali lilibaki: mafuta aliyopoteza kwa salamu za mwanzo, je, yaliyobaki yanatosha kuamkia? Maana kulala hata aliyekonda anaweza. Kuamka ndiko kunakotaka akiba, na mlango wa pembeni haufunguki kwenye bwawa tupu.

Baridi ilipoanza kulegea tuliingia asubuhi moja, sisi watatu, kwa soksi. Kutoka kwenye boksi lake majani yalikuwa yanatikisika. Daktari akafungua kifuniko taratibu. Alikuwa bado amejikunja, ila anatetemeka, mwili wote, kama mashine inayokataa kuwaka. Daktari aliniruhusu nimguse kwa mgongo wa kidole. Tumbo lilikuwa baridi. Katikati ya mabega palikuwa na moto. Sijui niuite nini kingine. Palikuwa na moto kama kikombe cha chai, na sehemu nyingine zote bado ni kiazi. Akatetemeka, akapumzika, akatetemeka tena. Kuna kipindi alitulia kabisa, na Daktari akanishika mkono akaubana. Mzee Asajile alikuwa anasali, midomo inatembea bila sauti, macho hayatoki ubavuni.

Kisha mkia ukafunguka. Kichwa kikatoka. Miwani yake ileile. Alitutazama mmojammoja kama mtu aliyekuta wageni sebuleni.

Mzee Asajile alimgeukia Daktari. "Sasa?"

"Sasa," Daktari akasema.

Mzee akagonga mbao, ko ko. "Ugonile?" Mama Mchungaji akapiga chafya. Mzee akasema, "Anasema ndaga. Anashukuru," na kwa siku nyingi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania.

Nyumba haikufungwa msimu ule. Majibu yote ya Daktari siyajui, aliyaandika kwa lugha yake ya wataalamu, na aliponieleza alisema mengine bado. Siku hizi wanaofanya kazi yangu wana kamera ndani ya boksi, wanatazama kwenye simu, hawahitaji soksi. Ni vizuri. Ila nawaambia, kamera haiwaonyeshi joto la katikati ya mabega. Mkipewa ruhusa, guseni mara moja, mtaelewa vitabu vyenu. Mzee Asajile alifanya kazi mpaka magoti yakagoma, na amezikwa kwao.

Sasa jibu langu.

Ipyana amefariki msimu huu wa baridi. Siku zake za mwisho alilala sana, mikono ikawa baridi, nami nilikuwa mtu wa kazi ile. Mchana ule nilikaa kando yake, nikasali Baba Yetu polepole kama kanisani, macho yangu ubavuni kwake. Nilimaliza sala, ubavu haukuinuka. Nikaanza tena. Nilisali nyingi. Kisha nikauvuta mkono wake, haukurudi. Ulikuwa umeachia. Sikuhitaji mtu wa kuniambia.

Kujua habari za mitokondria hakujanifariji, sitawadanganya. Binadamu halali hivyo, na milango ikifungwa kwake imefungwa. Ila tangu siku hiyo nimeelewa mambo mawili ya mzee Asajile: kwa nini ukuta ulimtoa nyumbani mapema, na kwa nini aliniuliza akae wapi. Mimi naamka, nasema ugonile upande wa kitanda ulio mtupu, halafu naanza kufagia.

Ninyi mmefundishwa kuninyamazia, na ni adabu njema. Nami ndiye niliyewafundisha wengi kwamba aliyelala asigongewe, salamu zinamaliza mafuta. Ni kweli kwa panya wa miti. Lakini mimi sijalala, wanangu. Silali kabisa. Iliyobaki kwangu ni ile akiba ya kuamkia, na inaharibika bila kazi.

Kesho mkifika kwenye ua wangu msishushe sauti. Gongeni, ko ko. Nitachelewa kufungua, mwili wa namna hii unatetemeka kwanza. Subirini Baba Yetu moja, polepole, msiondoke kabla haijaisha. Halafu mniulize kama nimelala.

Nitawaambia hapana. Mniulize na kesho yake.